Check: namna ya kulifukua neno moja la Kiingereza mpaka kwenye mzizi

Chukua daftari, fungua ukurasa mtupu, andika juu kabisa: check. Kamusi iache kwanza. Chini yake andika sentensi zote za Kiswahili unazozisema kila siku zenye neno "cheki". Darasani kwangu hapa Arusha, ninakofundisha Kiingereza jioni kwa watu wa hoteli, madereva wa watalii na wapagazi, ubao hujaa upesi. "Nicheki kesho." "Cheki yule!" "Twende tukacheki mechi." "Cheki oili kabla hatujatoka." "Nilienda hospitali kucheki presha."

Sasa zisome tena. Zote ni za kutazama, kukagua au kutafutana. Hicho ndicho kipande tulichoazima, kikatutosha, tukakizoesha tabia za kwetu mpaka kimekuwa kitenzi kamili. (Angalieni tu irabu ya mwisho: "usicheki" ni usitazame, lakini ukiweka e pale mwishoni umemkataza mtu kucheka.) Sehemu iliyobaki ya neno, na ni kubwa, hatukuichukua. Ndiyo maana naanza na orodha hii. Neno ambalo mwanafunzi halijui kabisa hanipi shida nalo, kwa sababu ataliuliza. Linalomwangusha ni lile lililokwisha kuingia Kiswahili, maana akiliona tu anadhani wanafahamiana.

Dada mmoja anayehudumu mgahawani alitusimulia kisa cha mteja wake Mmarekani. Mzee amemaliza kula, kapangusa mdomo, kanyoosha kidole: "Check, please." Dada akasogea, akatazama sahani, akatazama glasi, akainama kidogo kutazama chini ya meza kama kuna kilichodondoka. Akauliza kwa adabu zake zote, "Check what, sir?" Mzee alikuwa anataka bili. Darasa lilicheka, lakini nilipouliza nani angejua, mikono haikuwa mingi.

Orodha yako ikishakamilika, ichoree mstari chini. Hiyo ndiyo maana unayokuja nayo kutoka nyumbani. Usiifute. Ijue tu kwamba ipo, na kwamba itajaribu kujipenyeza kila mahali.

Hatua inayofuata ni kukusanya sentensi za Kiingereza zenyewe, kutoka mahali zinapoishi. Fomu za hoteli, tiketi za ndege, lebo za nguo, magazeti, barua za benki. Kila sentensi iandike nzima na useme umeikuta wapi, kwa sababu mahali ni nusu ya maana. Mimi kwa neno hili huwa na hizi ubaoni:

Fomu ya maombi ya Kimarekani: "Check one box only."
Kaunta ya ndege: "Would you like to check this bag?"
Ukurasa wa uchumi: "The bank wants to keep inflation in check."
Kitabu cha uraia: "checks and balances."
Lebo ya shati: "Blue check, size L."
Barua ya benki: "The cheque was returned unpaid."
Ujumbe wa rafiki: "Can I take a rain check?"
Habari za mwanasiasa: "a chequered past."

Jaribu kuweka "tazama" au "kagua" katika kila moja uone. Kwenye fomu utakagua kisanduku badala ya kukitia alama ya vema. Mfumuko wa bei utautazama badala ya kuuzuia usipande. Shati ndiyo kabisa halitazamiki kwa namna hiyo, kwa sababu pale neno linazungumzia mirabaraba, ile tunayoiita drafti.

Kabla ya kwenda kwenye asili, tazama majirani wa neno, yaani vile vineno vidogo vinavyolifuata. Kwa watu wanaofanya kazi na wageni hapa ndipo penye mkate. Fikiria kambi ya Barafu, Kilimanjaro, jioni kabla ya kupanda kileleni. Kiongozi mkuu anamwambia msaidizi wake, "Check on the client in tent three." Maana yake nenda kamwone hali yake: anaumwa kichwa? amekula? mbane kile kifaa cha kupimia oksijeni kidoleni. Angesema "check with the client", ni kumuuliza mteja jambo na kusubiri jibu lake. "Check for the client" ni kumtafuta, na hapo moyo uende mbio kidogo. "Check up on the client" ni kumfuatilia kwa kutomwamini, na mteja akiisikia hatafurahi. Kule hotelini mjini, "check the client in" ni kumpokea na kumwandikisha apewe chumba. Kitenzi ni kilekile, kazi ni tano. Hizi huwa siwafundishi kwa tafsiri ya neno kwa neno. Nampa kila mtu kambi, mteja na hema, aigize.

"Check out" inahitaji tahadhari yake peke yake, kwa kuwa ina nyuso mbili: mgeni anayerudisha ufunguo anafanya hivyo, na kijana anayesema "check out that elephant" naye anafanya hivyo, ila huyu wa pili hajalipa chochote.

Sasa fungua kamusi, na uifungue kwa jicho la kutafuta kitu kimoja: namba ndogo juu ya neno lenyewe. Kamusi kubwa za Kiingereza huandika maneno yanayofanana kwa tahajia lakini yasiyo na undugu kama vidahizo mbalimbali, yaani maneno makuu yanayofafanuliwa, kila kimoja na namba yake. Sisi tunalijua jambo hili vizuri. Paa wa porini na paa la nyumba hawakuzaliwa tumbo moja, na hakuna anayejisumbua kutafuta swala anahusianaje na bati. Kwa Kiingereza, "seal" ya baharini, yule mnyama mwenye masharubu, ni neno la kale la Waingereza wenyewe, na "seal" ya muhuri imetoka Kilatini, sigillum. Ukikuta namba tofauti, mara nyingi ni bure kutafuta undugu. Utapoteza jioni nzima.

Ukikuta namba moja na chini yake maana nyingi, hapo una neno moja lililotawanya matawi, kama "shika" yetu: shika kikombe, shika njia, shika dini, shika mimba, simu haishiki mtandao. Mgeni anayejifunza Kiswahili anaona maneno matano. Wewe unaona mkono mmoja unaofumba vidole. Kazi yetu na check ni kuutafuta mkono huo.

Kuna mtego mmoja wa masikio. Taifa ambalo mji wake mkuu ni Prague, ambalo kwa Kiswahili tunaliita Jamhuri ya Cheki, linatamkwa kwa Kiingereza sawasawa na check. Hakuna undugu hapo. Czech ni jina la watu, limeandikwa kwa tahajia ya Kipolandi. Kamusi italiweka mbali kabisa, chini ya herufi C na Z.

Sasa shuka mpaka mwisho wa kidahizo cha check, kwenye ule mstari mfupi wa maandishi madogo ambao watu wengi huuruka. Umejaa vifupisho: Kiingereza cha Kati, Kifaransa cha Kale, Kilatini cha zama za kati, Kiarabu, Kiajemi. Vigeuze kuwa maneno kamili, uviandike kuanzia wa mwisho kwenda wa kwanza, kwa sababu kamusi hukurudisha nyuma nawe unataka kutembea mbele. Utapata safari hii: shah ya Kiajemi, ikapita kwenye Kiarabu, ikawa scaccus ya Kilatini cha zama za kati, ikawa eschec ya Kifaransa cha Kale, ikaingia Kiingereza kwenye miaka ya 1300.

Shah ni mfalme. Na mfalme mwenyewe ni wa ubaoni.

Mchezo ni ule ambao vijana wa leo wanauita chesi na kamusi zetu zinauita sataranji. Jina letu, kwa bahati, limehifadhi njia nzima: sataranji ni shatranji ya Kiarabu, iliyotoka chatrang ya Kiajemi, iliyotoka chaturanga ya Kisanskriti, yaani "viungo vinne", ambavyo ni vikosi vinne vya jeshi la Kihindi: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Waarabu waliukuta Uajemi karne ya 7, wakausambaza hadi Hispania. Sheria moja ilikuwa ya heshima: ukimtishia mfalme wa mwenzako, huruhusiwi kumvizia kimya. Unatamka: "Shah!" Mfalme, jihadhari. Mwenzako akishasikia hivyo hawezi kuendelea na mipango yake. Farasi aliyetaka kumsogeza atasubiri. Kila kitu kinasimama mpaka mfalme aokolewe.

Shika neno hilo: kinasimama. Ndio mkono tuliokuwa tunautafuta.

Wafaransa walilisikia lile tamko kwa namna yao, Waingereza wakalisikia kwa Wafaransa, na hata "chess" yenyewe ni wingi wa neno hilohilo la Kifaransa. Yaani kwa asili "check" ni mfalme na "chess" ni wafalme. Kwetu shah ilifika pia, bila kupita Ulaya: mpaka leo bingwa wa ushairi tunamwita shaha.

Hapa huwa kuna mwanafunzi ananyoosha mkono kuhusu checkmate. "Mwalimu, mate si ndiyo mauti? Mfalme ni maiti?" Ni swali zuri, na sikio la Mswahili linalisikia haraka kwa sababu ya Kiarabu tulichonacho. Lakini fikiria mchezo wenyewe: mfalme wa sataranji haliwi. Haondolewi ubaoni kamwe. Mchezo unakoma akiwa bado amesimama, hana pa kwenda. Katika Kiajemi mat ni mtu aliyeduwaa, aliyeishiwa la kufanya. Mimi nasimama na Waajemi hapo.

Kutoka kwenye lile tamko la kusimamisha, chora matawi. Tumia mishale, siyo jedwali. Tawi la kwanza: kusimamisha kwa ghafla, halafu kuzuia, halafu kudhibiti. Hapo ndipo mfumuko wa bei na "checks and balances" vinapokaa. Kitabu cha uraia kinaposema mihimili ya dola ina "checks", hakisemi inatazamana. Kinasema kila mmoja unaweza kuusimamisha mwingine: Rais wa Marekani anakataa kusaini muswada, Bunge linampinga kwa theluthi mbili. Mchezaji wa hoki ya barafu anayemgonga mwenzake bega ili kumkatisha mbio naye yuko kwenye tawi hili.

Tawi la pili linaota juu ya la kwanza. Ukitaka kudhibiti, sharti ulinganishe: mzigo na orodha, hesabu na risiti. Kwa hiyo kudhibiti kukazaa kuhakikisha, na kuhakikisha kukazaa kukagua. Cheki yetu yote, ya oili, ya presha na ya "nicheki kesho", imening'inia kwenye kitawi hiki cha mwisho. Na alama ya vema kwenye fomu iko palepale: umelinganisha, ukaridhika, ukatia alama. Mwingereza huiita tick.

Tawi la tatu ni vipande vya karatasi na vibati vinavyotolewa ili kuthibitisha kitu ni cha nani. Unaacha koti mlangoni, unapewa kibati chenye namba. Unaacha begi, unapewa karatasi. Marekani vitu hivyo vikaitwa check, na ndiyo sababu begi "linachekiwa" uwanja wa ndege: unalikabidhi, unabaki na kipande. Bili ya mgahawani ni ndugu yake. Rain check nayo: miaka ya 1880 kwenye mechi za besiboli za Marekani, mvua ikivunja mchezo watazamaji walibaki na kipande cha tiketi cha kuwarudisha uwanjani siku nyingine. Rafiki anayekwambia hivyo leo amekataa mwaliko wako, ila anaomba umuwekee nafasi.

Tawi la nne nalipenda kupita yote, nalo halikutoka kwenye tamko. Limetoka kwenye ubao. Ubao wa sataranji, Kilatini scaccarium, Kifaransa eschequier, una miraba inayopishana rangi. Kutoka hapo tunapata shati la mirabaraba, bendera yenye miraba myeusi na myeupe ya mbio za magari, na mwanasiasa mwenye "chequered past", yaani historia yenye mabaka, mazuri hapa, mabaya pale. Wamarekani mchezo wa drafti, au dama kama wasemavyo Zanzibar, wanauita checkers.

Na kutoka ubao huohuo ikatoka hazina ya Uingereza. Richard FitzNeal, mweka hazina wa Mfalme Henry II, aliandika mwishoni mwa miaka ya 1170 jinsi ofisi yake ilivyofanya kazi. Palikuwa na meza ya futi 10 kwa 5, yenye ukingo pembeni ili vitu visidondoke, ikatandikwa kitambaa cheusi chenye mistari. Wakusanya mapato wa mfalme kutoka mikoani walikuja kutoa hesabu mbele ya meza hiyo, na makarani wakapanga vihesabio kwenye safu: safu ya peni, ya shilingi (ndiyo, shilingi hiihii tunayoitafuta kila siku), ya pauni, na kuendelea. Waliandika kwa namba za Kirumi, na anayetaka kujua kwa nini walihitaji vihesabio ajaribu kujumlisha XLVIII na CXIX kwenye karatasi. FitzNeal mwenyewe anasema jina limetokana na meza kufanana na ubao wa sataranji, na kwamba hapo pia pana vita, kati ya mweka hazina na yule anayetoa hesabu. Ofisi ikaitwa Exchequer. Ile x ni kosa la Waingereza waliodhani wanaona ex ya Kilatini.

Neno hili bado linatembea. Waziri wa fedha wa Uingereza anaitwa Chancellor of the Exchequer. Nairobi nako, magavana wakilalamika kwamba fedha za kaunti zimechelewa, magazeti ya Kiingereza huandika "exchequer" bila kumweleza msomaji kwamba anatajiwa ubao wa mchezo.

Na hundi? Karne ya 18 neno hili lilikuwa kile kipande kinachobaki kwenye kitabu, cha kulinganishia, ili kuzuia hundi bandia. Baadaye jina likahamia kwenye karatasi inayotolewa yenyewe. Tahajia ya Kiingereza ya -que imevutwa na Exchequer. Wamarekani wakabaki na check tupu, kwa hiyo ukikuta "check" kwenye barua ya kutoka Chicago, tazama kwanza kama inazungumzia fedha. Sisi tayari tulikuwa na neno la wafanyabiashara wa Kihindi, hundi, na halikutuangusha.

Ramani ikishachorwa, ijaribu. Rudi kwenye zile sentensi ulizokusanya na uzitafsiri kwa sharti moja: usitumie kitenzi kimoja mara mbili. Fomu: tia alama. Begi: kabidhi. Mfumuko: dhibiti. Mihimili: zuiana. Rafiki: omba udhuru. Ukijikuta unarudia "angalia", hiyo ni ile orodha ya kwanza inajipenyeza.

Usitumie asili kumsahihisha mtu, nakuomba. Nimewahi kuwa na mwanafunzi ambaye baada ya somo hili alianza kumwambia kila mtu kwamba "check the oil" ni makosa kwa kuwa maana halisi ni mfalme. Maana ya neno leo iko midomoni mwa wanaolisema leo. Asili inakusaidia kukumbuka na kukisia. Bosi wako akikwambia ukacheki oili, fungua boneti.

Kwa zoezi la kujifanyia nyumbani nachagua draft, au draught kwa Uingereza. Tafuta kitenzi "draw", kuvuta, halafu uone umefika wapi na upepo unaopenya chini ya mlango, bia ya kwenye pipa, ng'ombe wa kukokota mkokoteni, vijana wanaoandikishwa jeshini, rasimu ya barua, na ule mchezo wa vizibo vya soda unaochezwa kijiweni. Board liache mpaka uwe umezoea. Lile ni maneno mawili ya kale, ubao na ubavu wa meli, yaliyochanganyika mpaka kamusi zinapata tabu kuyatenganisha.